Saa Moja ya Elius

Kila asubuhi Hulda aliwasha jiko, akabandika chai, kisha akafagia uwanja huku baridi ya Makambako ikimng'ata vidole. Nyumba yake ilikuwa Lyamkena, karibu na barabara kuu. Lori likipiga breki kule barabarani, alisimamisha ufagio akasikiliza.

Mume wake, Elius, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Tajiri wake alimruhusu kusimama nyumbani mara moja tu kwa mwezi, siku ya mwisho wa mwezi, kwa saa moja.

Lakini siku hiyohiyo Hulda alikuwa Njombe. Baba yake alimwachia shamba la chai kule Lupembe. Kila mwisho wa mwezi malipo ya majani yaliingia benki, na tawi la benki yake lilikuwa Njombe mjini. Dada yake Telesia, aliyesimamia shamba, alimngoja hukohuko achukue ujira wa wachumaji. Foleni ilikuwa ndefu. Hulda alirudi jioni, na Elius alikuwa amekwisha kupita.

Mara ya tatu walipopishana, Hulda alimkuta jirani yake Ida mlangoni, ameshika mfuko wa mchele.

"Kamwene, mama Praygod. Shemeji amekuachia mchele wa Kyela. Amekungoja mpaka saa yake ikaisha."

Hulda aliupokea mfuko. Ulinuka dizeli.

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama bado unakohoa."

"Kikohozi kilishaisha! Nilimwambia kwenye simu."

"Anajua. Alisema alitaka akuone kwa macho yake."

Hulda alikaa kizingitini. Miezi mitatu hakuuona uso wa mumewe. Alijaribu kukumbuka kama mvi zilikuwa zimefika kwenye ndevu zake, akashindwa. Machozi yakamlengalenga.

Ida alikaa karibu naye. Alikuwa karani wa chama cha kuweka na kukopa, na mambo ya benki aliyafahamu vizuri.

"Kwa nini usitumie benki kwa simu? Ungemtumia Telesia fedha ukiwa hapahapa."

"Naogopa, dada. Eveline wa sokoni alipigiwa simu, akaibiwa fedha zote."

"Aliibiwa kwa sababu alimtajia mtu namba yake ya siri. Ukifunga mlango na ufunguo ukampa mwizi, utaulaumu mlango?"

Hulda alitikisa kichwa.

"Laini yako ya simu ina jina la nani?" Ida aliuliza.

"La shemeji yangu Steven. Ndiye aliyeninunulia."

"Tuanzie hapo. Laini iwe na jina lako mwenyewe. Nenda na kitambulisho chako cha taifa, uweke alama za vidole. Kisha nenda tawini, umwambie mhudumu akuunganishe. Usiunganishwe na mtu wa njiani, na usifungue kiungo chochote unachotumiwa na mtu. Programu ya benki ipakue kutoka duka la programu lililo kwenye simu yako, wala si kwingine."

"Na namba ya siri? Nitaweka mwaka aliozaliwa Praygod. Huo siwezi kuusahau."

Ida alicheka. "Mwaka huo hata mimi naujua! Chagua namba isiyo rahisi kukisiwa. Usiiandike popote. Usimwambie mtu, hata mimi."

"Hata Elius?"

"Hata Elius. Mpende, lakini namba ni yako."

Wiki ile Hulda alisajili laini upya. Kisha alikwenda Njombe, akapanga foleni, akaunganishwa. Mhudumu wa dirishani alikuwa mama mmoja aliyeitwa Lukresia. Alimwonyesha jinsi ya kutazama salio na kutuma fedha.

"Kabla ya kuthibitisha, soma jina la anayepokea," Lukresia alisema. "Soma na kiasi. Na ukumbuke, mama, sisi benki hatukupigii simu kukuuliza namba ya siri, wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe. Anayeuliza ni mwizi. Simu ikipotea, tupigie mara moja tuifunge huduma. Namba yetu ni hii, nyuma ya kadi yako."

Siku ya mwisho wa mwezi ikafika. Hulda alivaa kitenge kile Elius alichokipenda. Alichemsha viazi, akakata parachichi. Saa nne hivi simu ikaita. Namba alikuwa haijui.

"Mama Hulda? Tunapiga kutoka benki. Akaunti yako inafungwa ndani ya nusu saa. Umetumiwa ujumbe wenye namba sita. Zisome haraka."

Kweli, ujumbe ulikuwa umeingia. Akaunti ikifungwa, itabidi akimbilie Njombe. Na Elius atapita tena!

"Soma, mama! Muda unakwisha!"

Midomo yake ilifunguka. Kisha akamkumbuka Eveline wa sokoni.

"Sisomi," alisema, akakata simu.

Alichukua kadi, akapiga namba iliyoandikwa nyuma yake. Alimweleza mhudumu yaliyotokea.

"Umefanya vizuri sana, mama," mhudumu alijibu. "Akaunti yako haina tatizo. Huyo ni tapeli. Namba hizo usimpe mtu. Nitumie namba aliyokupigia, tuitolee taarifa."

Hulda alivuta pumzi. Akafungua programu ya benki, akaandika namba ya Telesia. Jina likatokea. Akalisoma mara mbili, akasoma na kiasi, akathibitisha. Baada ya dakika chache Telesia akampigia.

"Zimefika, dada! Wachumaji wanashukuru. Nasi tulidhani leo ni safari ya Njombe tena."

Hulda alikuwa akipanga sahani aliposikia breki barabarani. Alitoka uwanjani. Elius alikuwa anakuja taratibu, kichwa chini, kama mtu anayekwenda kwenye nyumba isiyo na mtu. Alipoinua macho akamwona, alisimama.

Mvi zilikuwa zimefika kwenye ndevu.

"Hukwenda Njombe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kazi ya Njombe nimeshaimaliza hapahapa. Karibu baba Praygod, viazi vinapoa."

Elius alimtazama usoni, kisha kifuani, akasikiliza kama bado anakohoa. Akatabasamu.

"Nina saa moja tu, Hulda."

Hulda alimshika mkono.

"Leo hata mimi ninayo."