Chumba cha Unga wa Kauri

Jogoo alichomoka kwenye tenga la Rahabu pale stendi ya Singida, akamparamia kijana mmoja kifuani na kumwachia shati jeupe limejaa matope.

"Nani mwenye ndege huyu?" kijana akafoka.

"Mimi hapa, kaka. Pole. Ila na wewe, stendi unakuja umevaa kama bwana harusi?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akamtazama vizuri: kitenge cha njano kilichomkaa, mwanya, macho yasiyoogopa mtu. Jamani, akaisha palepale. Aliitwa Melkizedeki. Aliondoka amemnunua jogoo, na namba ya simu ya Rahabu.

"Hivi unafanya kazi gani hata uogope vumbi hivyo?" Rahabu alimuuliza Jumapili moja, wakila mishikaki.

"Natengeneza kauri."

"Vikombe?"

"Vikombe wapi! Kauri inayopitisha mwanga kama kioo, mpenzi. Inawekwa ndani ya mashine ya leza. Tunasaga unga mpaka unakuwa laini kuliko wanja, tunaugandamiza, tunauchoma kwenye tanuri lililotolewa hewa. Vumbi kidogo tu likiingia, kauri inatoka na ukungu, tunatupa."

"Basi mimi na kuku wangu tusikusogelee."

"Wewe sogea tu. Nitaoga."

Wakapendana kweli. Lakini Mzee Elisha, baba yake Rahabu, alikuwa amelazwa hospitali ya Kiomboi, ini limechoka. Haja yake ilikuwa moja: amwone huyo anayemtaka binti yake, aitikie shikamoo yake, awabariki. Kwao, bila neno la baba, hakuna ndoa.

"Jumanne nikishagandamiza unga asubuhi, nachukua basi la mchana," Melki aliahidi.

Jumanne asubuhi mzee akabadilika. Rahabu akapiga simu ili Melki awahi. Akapokea mwanamke.

"Haloo?"

"Wewe nani? Melki yuko wapi?"

"Mimi Aneth. Yuko ndani, ameshavua nguo. Hawezi kushika simu sasa hivi, dada."

Maskini Aneth, alisema kweli tupu! Chumba cha unga huingii na nguo za mtaani wala simu; unavua mlangoni, unavaa ovaroli safi, simu unamwachia mwenzako wa nje. Rahabu angeuliza neno moja tu, angejibiwa. Hakuuliza. Wivu ulimpanda, akazima simu.

"Anakuja?" baba akauliza kwa shida.

"Haji, Baba. Yuko na mwanamke. Amekudharau."

Mzee akamshika mkono. "Basi mtu huyo asikanyage msibani kwangu. Na wewe usiolewe naye. Nimesema." Saa sita mchana haijafika, akakata roho.

Jioni Melki alizuiwa na vijana njiani, kabla ya kufika nyumbani kwa marehemu. Rahabu akatoka, kanga kichwani, macho yamevimba. "Mwanamke amepokea simu yako, akaniambia umeshavua nguo!"

"Nilikuwa chumba cha unga, Rahabu! Wote tunavua mlangoni, hata mkuu wetu. Muulize Aneth!"

Akamwamini palepale, na hilo ndilo lililomvunja. Akakaa chini kwenye mchanga.

"Mungu wangu. Amekufa anakuchukia, Melki. Kwa maneno yangu."

"Twende tukawaeleze wazee."

"Wosia nani atautengua? Aliyeusema hayupo."

"Nakupenda."

"Nami nakupenda. Ondoka kabla kaka zangu hawajatoka."

Aliporudi ndani, shangazi yake akamuuliza, "Yule mhuni ameondoka?"

"Ameondoka. Na si mhuni, shangazi. Mimi ndiye niliyemdanganya Baba."

Shangazi akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Hilo usije ukalisema tena."