Alama Zinazohama

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye meza za masweta ya mitumba, soko la Lushoto, wanunuzi wakipapasa nguo badala ya kuziangalia. Tobia, aliyefiwa na mke miaka mingi, alikuta muuzaji kavaa gauni jepesi la mikono mifupi, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama, husikii baridi?"

"Wewe unayesikia ndiye mteja wangu," akajibu Yusta.

Akanunua. Akarudi tena na tena, na sweta la tatu halikumwenea hata kidogo. Kabla msimu wa matunda damu haujaisha, mchungaji akawafungisha ndoa.

Ndipo Tobia akaiona alama nyekundu ya pembe nne kiunoni mwa mkewe. Baada ya siku chache ilififia, na nyingine kama ile ikatokea upande wa pili. Yusta alisema ni upele, akavuta khanga. Usingizini aliongea na watu wasioonekana, na akiamka alilalamika matiti yanamuuma. Tobia akaanza kulala ukingoni mwa kitanda, mikono ameibana mapajani. Alimpenda mwanamke huyu, na alimwogopa.

Asubuhi moja, akioga, alikuta kitu kimemganda pajani: kipande chembamba cha pembe nne, laini, chenye joto kama ngozi. Alikuwa ameota ukungu umeingia chumbani ukimwita jina. Alikibandua, akapanda gari la Vuga kwa dada yake, Jenoveva. Dada akapokea shikamoo yake, akakitazama, akasema kitu cha hivyo hakitupwi wala hakichomwi. Wakakifukia chini ya mgomba, pamoja na chumvi.

Udongo ulikuwa bado mikononi simu ilipoita.

"Mume wangu, plasta yangu unayo wewe?"

Tobia akautazama mgomba. "Nani kakuambia?"

"Nimejitafuta mwili mzima. Ilibandukia kwako tulipolala."

Akamweleza yote. Amekoma hedhi, na joto lilikuwa likimtesa hata pale sokoni. Daktari wa Tanga alimwandikia plasta za homoni, nazo hutuliza joto lakini huwasha ngozi, ndiyo maana huzihamisha. Matiti kuuma ni hizo hizo.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utasema umeoa bibi kizee."

Tobia aliona aibu hadi masikioni. "Nimeifukia," akasema. "Na chumvi."

Yusta alicheka mpaka akalia. Tobia akamsimulia ndoto ya ukungu, na kicheko kikakatika.

"Huo huja kwangu kila nikilala," Yusta akasema taratibu. "Na huita jina lako. Utarudi?"

Alirudi jioni hiyohiyo, nywele zimelowa manyunyu. Yusta akampa plasta mpya, akageuka.

"Bandika wewe. Kandamiza kwa kiganja mpaka ishike."

Akabandika, akakandamiza. Ngozi ya mkewe ilikuwa ya moto, na dirishani ukungu ulikuwa umesimama, hausogei.

"Bado haijashika?"

"Bado," akasema Tobia, ingawa ilikwisha kushika zamani.