Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Kila siku nikirudi kutoka shuleni, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Nilikuwa na sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Niliiburuta sakafuni chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani, mpaka kwenye pembe za chumba. Pini zilirukia sumaku, nami nikazirudisha kwenye kopo lake. Baba ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Alikuwa fundi wa nguo, na aliniita Sindano kwa sababu ya wembamba wangu. Mdogo wangu wa miaka sita, mwenye uso wa duara, Baba alimwita Kifungo. Majina yetu halisi yalitumika shuleni tu.

Kisha Baba aliugua, akalazwa hospitalini wiki mbili, na hakurudi. Niliendelea kuokota pini, ingawa hazikuwa nyingi tena. Siku nyingine niliburuta sumaku chumba kizima nikapata moja tu.

Tatizo lilikuwa hili. Katika karakana yetu, Baba alikata na Mama alishona. Mama angeweza kushona mstari ulionyooka huku akizungumza na mteja na kumkaripia Kifungo, yote kwa pamoja. Lakini mkasi mkubwa wa Baba hakuwahi kuugusa. "Kushona kukiharibika unafumua," Mama alikuwa akisema. "Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa."

Kazi ya mwisho aliyoipokea Baba ilikuwa mashati kumi na mawili ya kwaya ya shule yetu, yenye mikono mirefu. Aliwapima waimbaji mwenyewe. Alikata vifua, migongo na kola, halafu akaanza kuumwa kabla ya kukata mikono. Mama alishona kila kilichokatwa. Mashati yakabaki yananing'inia kwenye kamba bila mikono kwa miezi mitatu. Kila nilipouliza, Mama alijibu, "Kesho." Ilifika mahali sikuuliza tena.

Jumatano mwalimu wa kwaya alikuja. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na mashindano Jumapili.

"Mama Sindano, nimevumilia kwa sababu ya msiba," alisema. "Jumamosi saa sita mchana nitafuata mashati. Yasipokuwa tayari, watoto wataimba na sare zao za kila siku, basi."

"Yatakuwa tayari, Mwalimu," alisema Mama.

Mwalimu alipoondoka, Mama alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akatuita mimi na Kifungo. Alituambia bila kuzunguka. Fundi wa mtaa wa nyuma alikuwa akiitaka cherehani yetu. Atakuja Jumamosi na mkokoteni. Mashati yakikamilika, Mama atamwambia arudi zake, na karakana itaendelea. Yakishindikana, cherehani itaondoka, na yeye atatafuta kazi ya kufua nguo za watu.

"Siwezi kukaa na cherehani kwa ajili ya kuitazama tu," alisema.

Usiku ule sikula vizuri. Niliwaza karakana bila mlio wa cherehani. Nilikuwa nimelala na kuamka na mlio ule tangu kuzaliwa, na kumpoteza Baba kulitosha.

Kesho yake, Alhamisi, tulitoka shule mapema. Mama alikuwa amekwenda sokoni na Kifungo kununua uzi. Nilitazama kitambaa kilichobaki cha mashati, cheupe kama maziwa, na karatasi ya kielelezo cha mkono iliyoning'inia kwenye msumari. Mara ngapi nilikuwa nimemshikia Baba ncha ya kitambaa akikata? Mara mia. Nilitandika kitambaa mezani tabaka juu ya tabaka, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi kwa mikono miwili. Nilikata. Mkasi ulikula kitambaa kwa sauti ileile niliyoijua, na kusema kweli nilijisikia fundi. Nilipomaliza nilikuwa na vipande ishirini na vinne, na kitambaa kilichosalia kisingetosha hata leso.

Nikachukua vipande viwili nivilaze kwenye shati la kwanza, kimoja kila bega.

Cha kushoto kilikaa. Cha kulia kilikataa. Nikakigeuza, nikajaribu kingine, kisha kingine. Jasho lilianza kunitoka kwapani.

Mkono wa shati ukiutazama haraka unaona pande zake zinafanana, lakini sivyo. Mviringo wa juu unaoingia begani huchimbwa zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma. Kwa hiyo mkono wa kushoto na wa kulia hutazamana. Kitambaa chetu nacho kilikuwa na upande unaong'aa, ambao Baba aliuita uso, na upande uliofifia usiofaa kuonekana nje, aliouita mgongo. Kabla ya kukata mikono, kila mara alikunja kitambaa uso kwa uso, ili kila mkato umpe mkono wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Nilimwona akifanya hivyo mara mia, na mara zote mia nilikuwa nikitazama mkasi. Mimi nilitandika nyuso zote zikielekea juu. Nilikuwa nimekata mikono ishirini na minne ya kushoto.

Nilisikia hatua za Mama uani. Nikazoa vipande vyote, nikavisukuma ndani ya kikapu cha nguo za kupigwa pasi na kuvifunika kwa shuka.

"Mbona unahema?" Mama aliuliza.

"Nilikuwa nafagia."

Alinitazama kidogo, akaweka uzi mezani. Sikulala vizuri. Ijumaa darasani mwalimu aliniuliza swali la hesabu, nikamjibu "ishirini na nne", na halikuwa jibu. Wenzangu walicheka. Mimi nilitaka kulia.

Niliporudi nilimkuta Mama amesimama mbele ya meza, mkasi wa Baba mkononi. Kielelezo cha mkono kilikuwa mbele yake. Alikuwa amejitia ujasiri hatimaye, na alikuwa akitafuta kitambaa.

"Sindano, kile kitambaa cha mashati umekiona?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa ulimini tayari. Lakini mkono wake uliokuwa umeshika mkasi ulikuwa unatetemeka, na nikaona kwamba kila dakika ya uongo wangu ilikuwa inamla yeye.

Nilivuta kikapu, nikafunua shuka. "Nilikata mimi, Mama. Jana. Yote ni ya kushoto."

Hakunipiga, hakunigombeza. Alivitandaza vipande kimoja kimoja, akivihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akaweka mkasi chini na kukaa kwenye kiti cha Baba, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Duka lilikuwa limebakiza kipande hiki tu," alisema taratibu. "Basi. Fundi aje achukue cherehani."

Afadhali angenipiga. Nililia kwa sauti, na Kifungo, ambaye hakujua chochote, akaanza kulia kwa kunifuata.

Hapo ndipo Shangazi, dada wa Baba, alipoingia. Shangazi huuza ndoo na sufuria sokoni, na sauti yake hufika kabla yake. Tangu msiba alikuja kila Ijumaa na maneno yaleyale.

"Hodi humu! Machozi ya nini tena? Jipeni moyo, jamani! Jipeni moyo!"

Mama aliinua kichwa. "Wifi," alisema, "moyo huo unauzwa duka gani? Maana kila wiki unaniambia nijipe, na mimi nikitafuta sioni. Mume wangu hayupo. Kazi yake ya mwisho imeharibika. Nicheke?"

Shangazi aliketi kwenye benchi, akaangalia mikono yake.

"Na mimi nimefiwa na kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nikinyamaza nitalia, ndiyo maana napiga kelele."

Kifungo alipangusa pua kwa mkono wa shati lake, akachukua vipande viwili na kuvilaza mabegani mwake, kimoja kila upande. Kimoja kilikaa kama kinavyotakiwa. Kingine kikajipinda kuelekea mgongoni.

"Tutafute kwaya nyingine," alisema akiwa makini kabisa. "Ya watu wenye mikono miwili ya kushoto. Huu mmoja uwe wa kupiga makofi kwa nyuma."

Shangazi alitoa sauti kama birika linalochemka. Mama alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakuficha. Ilikuwa mara ya kwanza kuona anafanya yote mawili kwa pamoja. Nilimkumbatia. Alinuka mafuta ya cherehani.

Alipopangusa macho, hakurudi kukaa. Aliinama mezani.

"Ngoja," alisema. "Kumi na viwili ni vizuri. Hivyo tunavyo." Akavisogeza kushoto. Akachukua kipande kimoja kati ya vilivyobaki, akakilaza uso juu, akapindua karatasi ya kielelezo na kuiteremsha polepole. "Sindano, uliacha nafasi ya pembeni?"

"Vidole viwili, Mama. Baba alisema watoto wa shule hunenepa."

"Basi upana upo. Nikikata mviringo mpya chini ya huu wa zamani, utakuwa mkono wa kulia. Utapungua urefu tu." Alipima. "Vidole vinne."

"Vitakuwa vifupi," alisema Shangazi. "Watoto wataonekana wamevaa mashati ya wadogo zao."

"Tutaongeza ukanda mwishoni. Ya kushoto nayo tutaipunguza vidole vinne, kisha yote tuitie ukanda ili ifanane." Mama alisita. "Lakini ukanda wa kitambaa gani?"

Wote tulijua. Juu ya kabati palikuwa na kitambaa kizito cha buluu, kimefungwa kwa karatasi. Baba alikinunua mwaka uliopita ajishonee koti. Miaka yote alishonea watu makoti, na yeye hakuwa nalo. Tangu msiba Mama hakuruhusu mtu hata kukipangusa vumbi.

Mama alivuta kiti, akapanda, akakishusha. Alikinusa kabla ya kukitandika.

"Nikikiacha juu, panya watavaa koti," alisema. Akachukua mkasi.

Mkono wake bado ulitetemeka. Alikata hivyohivyo.

Tulifanya kazi mpaka giza lilipoingia, na Jumamosi tukaanza alfajiri. Mama alikata na kushona, Shangazi alipiga pasi huku akilalamika kwamba pasi yetu ni nzito kuliko sufuria zake zote, mimi niliunganisha kwa pini, Kifungo aliburuta sumaku. Saa nne tulikuwa na mashati saba. Saa tano na nusu, kumi. Uzi ulikatika mara tatu. Mara ya tatu Mama alifumba macho, akavuta pumzi, akautunga upya.

Fundi wa mtaa wa nyuma alifika wa kwanza, na mkokoteni na kamba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akisubiri. Nilimchukia, ingawa hakuwa amefanya kosa lolote. Mama alikuwa anamalizia shati la kumi na mbili mwalimu wa kwaya alipoingia na msichana mmoja mwimbaji.

Mwalimu alichukua shati la kwanza. Akatazama kola, mishono, kisha akafika kwenye mikono.

"Sikuagiza ukanda wa buluu," alisema.

Mama alisimama. Angeweza kusema ni mtindo mpya, na wateja wengi wangeamini.

"Ni kweli, Mwalimu. Mikono ilikatwa vibaya hapa kwetu, na kitambaa kimekwisha madukani. Tumeirekebisha hivi. Kama hukuridhika, nitaelewa."

Mwalimu alimvisha msichana shati. "Inua mikono. Juu. Pembeni. Imba ule mstari wa mwisho."

Msichana aliimba, mikono ikapanda na kushuka, na kanda mbili za buluu zikapanda na kushuka nayo. Mabega hayakujipinda hata kidogo.

"Hmm," alisema Mwalimu. "Mwaka jana waamuzi walisema mikono yetu haionekani kutoka nyuma ya ukumbi. Mwaka huu wataiona." Akaanza kukunja mashati. "Na kwaya ya wadogo nao wanahitaji kumi na mawili, kitambaa kikija tena. Na kanda kama hizi."

Mama alimgeukia fundi wa mtaa wa nyuma. "Samahani, fundi, nimekusumbua na mkokoteni. Cherehani ina kazi."

Fundi alitazama mashati, akavaa kofia yake. "Nimeona, Mama Sindano," alisema. Kumbe hakuwa mtu mbaya.

Walipoondoka wote, Mama alituketisha mimi na Kifungo kwenye benchi, Shangazi katikati.

"Nisikilizeni," alisema. "Nilidhani kujipa moyo ni kujifanya hakuna kilichopungua, na hilo sikuliweza. Tumepungukiwa, na tutaendelea kumlilia Baba yenu. Lakini miezi mitatu nilikuwa nahesabu kilichokwenda tu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimehesabu kilichobaki, nikakuta kinatosha kuanzia. Mtu akipata pigo, alie, kisha ahesabu kilichobaki. Na wewe, Sindano, ungekificha kikapu kile siku moja zaidi, tusingekuwa na muda wa kuhesabu chochote. Kosa likisemwa mapema, hutibika."

"Nisamehe, Mama."

"Nilishakusamehe. Kitambaa cha koti kimebaki kiasi. Kinatosha kanda za wadogo na koti la mtoto." Alimtazama Kifungo, aliyekuwa akiburuta sumaku chini ya benchi. Ilikuwa imejaa pini mpaka yenyewe haionekani.

Kisha Mama akashusha mkasi wa Baba kutoka kwenye msumari na kuuweka mkononi mwangu.

"Tandika kitambaa, fundi," alisema. "Lakini kabla hujakata, nionyeshe kwanza uso uko wapi."