Bolti ya Taa ya Kushoto

"Mama Tunu, hilo gari lenu likikanyagwa breki, mbona taa ya kushoto inafifia na indiketa inajiwakia yenyewe?"

Swali hilo aliliuliza Godlisten, jirani wa ukuta mmoja, Jumatatu moja asubuhi. Tunu alikuwa anafagia ua kabla ya kwenda shule. Mama yake, Mwanakombo, alikuwa anasugua masufuria ya shughuli. Mama akajibu kuwa hajui. Godlisten akasema gari kuukuu halina siri, madereva ndio wenye siri. Alimsikia mmoja huko Tabata aliyekuwa akichomoa nyaya nzima akauze na kuweka mbovu. Halafu akaenda zake kazini.

Maneno yake yalibaki pale uani.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya buluu, aliyoiacha marehemu mzee Marijani, baba yake Tunu. Ndiyo iliyobeba masufuria na maturubai ya kukodisha, kutoka kwao Chamazi hadi Kinyerezi, kwenye harusi na misiba. Mfaume, dereva na rafiki wa marehemu, alikuwa akiiendesha tangu Tunu hajazaliwa. Hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Lakini siku ile, Mama Mwanakombo alipomaliza kuswali adhuhuri, alikaa juu ya mswala muda mrefu, macho yake dirishani, kwenye gari.

Jioni akamwita binti yake. "Wewe unajua kuandika vizuri. Mfaume akija, mwangalie. Kila anachokigusa nyuma ya gari, niandikie."

Tunu alikuwa darasa la sita, na alifurahi kupewa kazi ya kikubwa. Wiki iliyopita tu mwalimu wa sayansi alimsifu mbele ya darasa kwa sumaku ya umeme aliyoitengeneza: bolti iliyozungushiwa waya wa shaba, ikaunganishwa na betri, ikanyanyua pini kumi na nne. Alijiona mtu wa kuaminiwa. Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akakaa nyuma ya pazia.

Ukimwangalia mtu huku umeshamshuku, kila anachofanya kinakuwa kibaya. Mfaume akiinama nyuma ya gari, Tunu anaandika. Akiangalia huku na huku, anaandika. Siku ya Jumatano alichomoa kitu kwenye taa, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni. Tunu aliandika hilo kwa wino mwekundu. Mama alisoma, akalifunga daftari. Chai ya Mfaume siku hiyo ilikuja bila andazi, naye aliona.

Alhamisi, bodaboda nusura iingie nyuma ya pikapu barabarani. Kijana wa bodaboda alidai ameona indiketa, akadhani gari linakata kushoto. Mfaume aliporudi alimwambia mama kwamba taa inamshinda. Balbu amebadilisha na hali ni ile ile.

"Jumamosi nitaleta fundi," mama akasema. "Ikionekana ni mkono wa mtu, Mfaume, ufunguo utabaki hapa."

Mfaume alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake. "Sawa, shemeji," akajibu.

Jumamosi asubuhi akaja Anastasia, fundi wa umeme wa magari. Alimwambia Tunu apande akanyage breki. Kisha akashika taa yake ndogo ya kupimia. Ncha moja akaibana kwenye chuma safi cha gari, nyingine akaigusisha panapokaa balbu. Taa ndogo ikawaka vizuri.

"Moto wa umeme unafika," akasema. "Sasa tuone kama unapata njia ya kurudi."

Akachukua kipande cha waya, akaunganisha kikombe kinachoshika balbu na chasisi, chuma cha chini ya gari. Papo hapo taa ya breki ikawaka nyekundu kabisa, na indiketa ikazima. Anastasia akalala chini, akaufuata waya mweusi kwa kidole hadi mwisho. Ulikuwa unaning'inia.

"Huu ndio waya wa kurudisha moto kwenye bodi ya gari. Ukikosa pa kushika, moto unatafuta njia kwenye taa nyingine, ndiyo maana indiketa inajiwakia." Akapapasa tundu tupu. "Bolti yake haikukatika. Imefunguliwa kwa spana."

Mama na fundi wakamgeukia Mfaume.

Mfaume alichomoa ufunguo kiunoni, akaingia sebuleni, akauweka juu ya meza. Mama akamfuata.

Tunu alibaki kwenye usukani. Aliikumbuka spana namba kumi ya marehemu baba, na bolti aliyoifungua chini ya taa akiona haidhuru kwa kuwa gari lina bolti nyingi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Mfaume ndiye angeondoka. Alishuka, akaenda chumbani, akarudi sebuleni na sumaku yake mkononi.

"Mama, ni mie. Niliifungua kwa ajili ya sayansi. Mjomba Mfaume hajaiba kitu."

Anastasia, aliyekuwa mlangoni, akaipokea, akaifungua shaba, akaenda kuifunga bolti mahali pake pamoja na waya mweusi. Alipokanyaga breki, kupitia mlango wakaona taa zote mbili zimewaka sawasawa.

Mama akalichukua daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akamwekea Mfaume mbele. Mfaume akasoma polepole mpaka kwenye wino mwekundu.

"Hicho cha mfukoni ni balbu ya zamani," akasema. "Niliibeba nikaioneshe dukani, wanipe ya namna ile ile."

Mama akainamisha kichwa. "Tunu, wewe umekosa kwa kuchukua bila kuuliza, ila umesema kweli ilipokuwa ngumu, na hilo ndilo litakalokusaidia ukubwani. Mie nimekosa zaidi. Siku tano tumemwandika mtu, na hatukumuuliza hata mara moja. Mtu ukiwa na shaka, muulize mwenyewe usoni, usimchungulie dirishani. Mungu nimeshamwomba msamaha. Sasa nakuomba wewe, Mfaume."

Tunu naye akaomba radhi, machozi yakimtoka. Mama akausukuma ufunguo upande wa Mfaume. Kulikuwa na harusi Kinyerezi, na masufuria yalikuwa bado hayajapakiwa.

Mfaume aliuchana ule ukurasa, akaukunja mara nne, akautia mfuko ule ule wa balbu. Akauchukua ufunguo, akatoka kwenda kupakia masufuria.