Saimi, Mlinzi wa Rautaportti

Foleni ya soseji nyeusi katika soko la Tammela, mjini Tampere, ilikuwa imefika hadi kwenye meza za maua, na Saimi Kortelahti, ndani ya koti lake la mvua la manjano, akamkanyaga kisigino mwanamume mrefu aliyemtangulia.

"Pole!"

"Kanyaga na cha pili," akajibu yule mwanamume bila kugeuka, "visije vikaoneana wivu."

Alipogeuka, Saimi aliona ndevu za rangi ya shaba, macho ya kucheka, na sweta la kijivu lenye picha ya pengwini kifuani.

"Na huyo ndege?"

"Wa Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu. Haijui kitu kingine."

"Aa, kumbe wewe ni mmoja wa wale wahubiri wake."

"Sihubiri. Naingia Rautaportti, nawatandika watu wa Windows, wanaokoka wenyewe."

Saimi akacheka, lakini moyo ulimruka. Rautaportti, mchezo wa risasi ambao nusu ya vijana wa Tampere huucheza mtandaoni kwa vikosi vya watu watano, ulitengenezwa kwenye jengo la ng'ambo ya soko. Yeye alikuwa kwenye kitengo cha kuwanasa wadanganyifu, na mkataba ulimkataza kuzungumza na mchezaji yeyote kuhusu kazi hiyo. Alisema tu kwamba anafanya kazi ya kompyuta. Huo haukuwa uongo.

Walikula meza moja. Jamu ikamdondokea yule mwanamume, aliyejitambulisha kuwa Tuure, kwenye ndevu, na Saimi akaifuta kwa kidole kabla hajafikiri.

Majira ya joto yalipofika walikuwa wakienda sauna pamoja na kujitosa ziwani wakipiga mayowe. Simu hazikukoma.

"Dhahabu yangu, umekula?" Saimi angeuliza.

"Nacheza, mpenzi. Jalmari amewaua watatu peke yake! Huyu rafiki yangu wa kikosini ana macho ya tai."

"Msalimie," Saimi alisema, na sauti yake ikapoa kidogo. Tuure hakugundua.

Vuli ilipoingia, wakati kikosi cha Tuure kikijiandaa kwa ligi, alijaribu kuingia mchezoni akakuta maandishi mekundu: kompyuta za Linux haziruhusiwi tena. Chini yake palikuwa na video ya kampuni ikieleza sababu. Aliyekuwa akieleza alikuwa mwanamke mwenye suti ya kijani iliyokoza.

Akapiga simu.

"Saimi, hiyo suti nimeisifu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!"

"Tuure, nisikilize. Kwenye Windows mlinzi wetu, ile programu ya kunasa wadanganyifu, anaingia hadi chumbani, anaona kila kitu. Kwenye Linux mnamwacha sebuleni. Wadanganyifu wameligundua hilo."

"Kwa hiyo mimi ni mdanganyifu."

"Sijakutaja wewe."

"Umetutaja wote! Miezi yote hii unanilisha, unanibusu, na unajua mnanifungia mlango."

"Kuna mambo siruhusiwi kusema."

"Basi usiseme. Baki nayo."

Simu ikakatika. Saimi akaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, kisha akavirudia.

Tuure hakuwa mtu wa kukaa na aibu isiyo yake. Aliamua kuwathibitishia. Alikuwa na rekodi za mechi zao zote, na alikusudia kuzipeleka kwa kampuni ili watu waone jinsi kikosi cha Linux kinavyocheza kwa haki. Akakaa kuziangalia. Kwenye mechi moja, bunduki ya Jalmari iligeukia ukuta mtupu, ikasubiri, na adui akachomoza palepale. Akafungua nyingine. Ukuta mwingine, bunduki ileile. Jalmari alikuwa akiona nyuma ya kuta.

Alimkuta Jalmari nyumbani kwake, mtaa wa Hervanta, bado amevaa pajama mchana kweupe.

"Tangu lini?"

Jalmari hakuuliza nini. "Tangu masika. Nilichoka kuwa wa tano kati ya watano, Tuure. Kila siku wa tano."

"Vaa suruali. Tunakwenda pamoja, na utasema mwenyewe."

"Watanifungia maisha!"

"Ndiyo. Watakufungia. Vaa."

Kwenye ukumbi wa kampuni, Saimi alishuka ngazi taratibu, nywele amezifunga juu, uso umekonda. Aliwatazama wote wawili, akaelewa.

"Ulijua ni yeye?" Tuure aliuliza.

"Nilimshuku kwa muda mrefu, ila mlinzi wetu hakuweza kumwona kwenye Linux. Kila ulipomsifu nilimeza maneno."

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe, Saimi."

"Nimekasirika bado," alisema Saimi, mkono wake ukiwa tayari umeshika mkono wa sweta la Tuure. "Lakini nimeukumbuka hata ubishi wako, mjinga wewe."

Jalmari alifungiwa. Kabla ya kuondoka aliwaonyesha jinsi alivyopenya, na Saimi akaipeleka njia hiyo kwa bosi wake, Hellevi. Alisimama mbele ya wakubwa akasema: tumpime mchezaji kwa anavyocheza, kwa kumbukumbu zilizoko kwenye mitambo yetu wenyewe, si kwa kompyuta aliyonayo. Walibishana wiki nzima. Mwishowe Hellevi alikubali kuwarudisha watu wa Linux kwa msimu mmoja wa majaribio. Saimi akaomba faili za kikosi cha Tuure zishughulikiwe na mtu mwingine, kisha akawaambia wote sababu bila kuinamisha macho.

Theluji ilipotanda, Tuure na wenzake walirudi ligini wakiwa na mchezaji mpya. Wakatandikwa vibaya raundi ya kwanza. Saimi alimngoja Tuure nje ya ukumbi wa mashindano, akamwona anatoka meno yote nje.

"Umepigwa halafu unacheka?"

"Nimepigwa nikiwa ndani, dhahabu yangu! Ndani!" Akamshika viganja. "Saimi, ungekubali kuolewa na mtu atakayebishana nawe hadi uzeeni?"

"Kuhusu kompyuta?"

"Kuhusu kila kitu."

Saimi akapangusa theluji iliyomtua kwenye kope.

"Nakubali. Na kwa taarifa yako, nitashinda mimi."

Tramu ikafika, milango ikafunguka. Wakaiacha iende, na iliyofuata pia.