Alianza na Mafua

Muuza nafaka alifungua duka kama kawaida, lakini masikio yake yote yalikuwa mgongoni. Huko alimbeba binti yake, waliyemwita Kitumbo kwa jinsi alivyopenda kula. Leo Kitumbo hakutaka uji wala ziwa la mama. Kamasi zilimtoka, mwili ulichemka, pumzi zilikuwa fupi fupi.

"Mafua tu hayo," alisema mama mkwe, akifagia mlangoni. "Mtoto gani hapati mafua?"

"Kaka yake naye tulisema mafua tu, mama."

Ufagio ulisimama. Mama mkwe alitupa jicho barabarani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hayo tulishayamaliza."

Waliyamaliza kwa namna yao. Msimu wa baridi uliopita, Kitumbo akiwa bado tumboni, kaka yake alishikwa na mafua. Akakohoa, akaacha kula, akahangaika kupumua. Alikata roho njiani, wakimpeleka hospitali. Msibani mama mkwe alimvuta mkamwana wake pembeni. "Wakiuliza, sema malaria. Ukisema mafua watakusema mpaka uchoke. Mama gani huyu, kamasi zimemshinda?"

Mtaa mzima ukajua ni malaria.

Jua lilipoanza kuwaka, mhudumu wa afya wa mtaa aliingia dukani. Watu walimwita Mwavuli, maana hakuuacha mwavuli wake hata kiangazi.

"Karibu, Mwavuli," alisema mama mkwe. "Ila wewe hununui hata kibaba cha maharage. Unakuja na maswali tu."

"Leo nitanunua, bibi. Lakini maswali kwanza." Alikaa kwenye benchi, akatoa daftari na kalamu. "Napita kwenye nyumba zilizofiwa na watoto wadogo. Mnisamehe kwa kuwatonesha kidonda. Yule kaka wa Kitumbo aliugua nini?"

"Malaria," alijibu mama mkwe upesi.

"Alipimwa?"

"Hatukuwahi. Na kuandika kwako kutamrudisha?"

"Hakutamrudisha, bibi. Mungu anawajua watoto wote waliokufa, kila mmoja. Sisi ndio hatujui. Kuna mafua makali, yanaitwa influenza. Yanaua watoto wadogo, lakini wengi wanafia nyumbani bila kupimwa. Kwa hiyo wataalamu wanakadiria."

"Kukadiria ndiko kubahatisha huko."

Mwavuli alichukua bambo lililokuwa juu ya meza, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa guniani ili kutoa punje chache. "Na hili mnabahatisha nalo?"

"Thubutu. Hilo linatuonyesha gunia zima lilivyo."

"Bila kulimwaga. Na sisi ndivyo tunavyofanya. Hospitalini tunawapima baadhi ya wagonjwa. Mitaani tunauliza baadhi ya nyumba. Hapo ndipo tunapokadiria wale tusiowaona. Wakubwa wakijua ni wengi, wataleta oksijeni na chanjo ya mafua, na wazazi wataonywa mapema. Wakidhani ni wachache, nani atahangaika?"

Muuza nafaka alilitazama bambo. Juzi tu alimrudishia mchuuzi mmoja gunia lake. Pembeni mchuuzi alijaza maharage mazuri, katikati akaficha mabovu, bambo likamfichua. Muuza nafaka alimwita mwongo mbele ya watu, na watu wakacheka.

Kitumbo aliguna mgongoni. Mguno ule mama yake aliujua; ndivyo alivyoguna kaka yake.

"Si malaria," alisema muuza nafaka.

"Wee," mama mkwe alinong'ona.

"Niache, mama. Alianza na mafua. Homa, kikohozi, akakataa kula. Kisha mbavu zikawa zinaingia ndani akivuta pumzi. Na huyu ameanza hivyo hivyo."

Mwavuli aliweka kalamu chini. "Mfungue tumwone."

Walimlaza mezani, wakampandisha nguo. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea chini ya mbavu. Mwavuli hakuandika tena.

"Hapa hakuna kusubiri. Pumzi za haraka, kifua kubonyea, kukataa kunyonya, kulegea. Ukiona hata moja, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe dawa zilizobaki nyumbani. Twende."

"Na duka?" aliuliza muuza nafaka, kama mtu anayeota.

"Duka halina mbavu," alisema mama mkwe, akifunga mlango. "Tembea."

Hospitalini muuguzi alimwekea Kitumbo oksijeni, kisha akamsugua puani kwa kijiti cha pamba ili wampime. Muuza nafaka alikaa akihesabu pumzi, akipoteza hesabu, akianza upya. Majibu yalipotoka, daktari alisema ni influenza, na mapafu yameanza kuguswa. "Lakini mmewahi," aliongeza.

Kwenye benchi la nje muuza nafaka alimuuliza Mwavuli, "Kwa hiyo kaka yake nilimuua mimi?"

"Hapana, dada. Hakuna aliyekuambia dalili. Na hata mimi siwezi kuapa kwamba ni influenza, maana hakupimwa. Nitaandika ulichokiona, kama ulivyokiona. Madaktari watakilinganisha na cha nyumba nyingine."

Kitumbo alilazwa. Walijua amepona siku aliyompokonya bibi yake kipande cha mkate.

Baada ya hapo, asubuhi moja, mteja aliingia dukani na mtoto anayekohoa. "Mafua tu haya," alisema, akichagua mchele.

Mama mkwe aliweka kibaba chini. "Mfunue kifua nimwone."

"Bibi, nimesema mafua tu."

"Mjukuu wangu tuliyemzika naye alianza na mafua. Sisi tukawaambia malaria. Tuliwadanganya, na aliyeanza kudanganya ni mimi."

Mama mkwe aliinama, akatazama kifua cha yule mtoto kwa makini. "Huyu kifua kimetulia. Mnyonyeshe sana, na anayekohoa nyumbani afunike mdomo. Ila usimwondolee macho. Kikianza kubonyea, kimbia."

Mteja alimgeukia muuza nafaka. "Pole, mwenzangu. Sikujua. Alikuwa mkubwa?"

Tangu msiba hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto mwenyewe alikuwaje.

"Alikuwa ameanza kukimbia," alisema. Akaanza kumsimulia habari za mwanawe, na wateja wakajaa mlangoni, na mama mkwe hakumkatiza.