Harufu ya Limau kwenye Laptopu

Kila Jumamosi asubuhi Lornah alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye chandarua, na kuwafukuza kuku wasiwale. Jumamosi ile alizifanya zote bila kuimba.

"Leo redio imeisha betri?" dada yake Rachael alimtania huku akipiga pasi blauzi yake nyeupe.

Lornah alitabasamu kidogo tu. Jana yake, Rachael alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Lornah alikuwa amechukua laptopu yake bila ruhusa, akatazama vibonzo huku akila ngege wa kukaanga. Mafuta yalipochafua ukingo wa laptopu, aliusugua kwa nguvu akitumia kipande cha limau, kama mama yao alivyowafunza kusugua mikono baada ya kula samaki. Harufu ya samaki ilitoweka. Lakini kwenye pembe ya skrini kilitokea kijipicha cha ndege ya abiria, na mtandao ukapotea. Akaifunga laptopu, akanyamaza.

Saa tatu Rachael aliifungua. Saa tano kamili angehojiwa kwa video. Huo ulikuwa mwito wake wa kwanza wa kazi tangu amalize chuo mwaka uliopita. Aliizima, akaiwasha. Akabofya kile kindege. Hakikutoka.

"Mungu wangu, si leo!" alisema. Kamera ya simu yake ilikuwa imekufa zamani.

Wote wawili wakaondoka mbio hadi sokoni Kisian, kwenye kibanda cha Wasike, fundi aliyeiwekea laptopu hiyo kuukuu programu endeshi ya Linux walipoinunua. Wasike aliandika maneno machache, akasoma majibu.

"Linux haifichi kitu," alisema. "Inaniambia kulikuwa na vizuizi viwili vya mtandao. Cha programu nimekiondoa. Kimebaki cha mashine yenyewe, na hicho hakisikii amri yoyote ya kibodi. Kuna mtu mwingine aliyeishika?"

"Ni mimi tu," Rachael alijibu.

"Basi huenda kadi ya mtandao imeharibika. Kuifungua kutachukua saa mbili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika arobaini. Wasike akachukua bisibisi. Rachael alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa ile blauzi aliyoipiga pasi. Lornah alipoona hivyo, moyo ulimuuma kuliko kuchapwa.

Wasike aliinama, akanusa. "Hebu, mbona inanukia limau? Mlitaka kuila?"

"Ni mimi, Fundi," Lornah alisema. "Dada, niliichukua jana. Niliipaka mafuta ya samaki, halafu nikaisugua hapa."

Alionyesha ukingo wa mbele. Wasike akaiinua. Palikuwa na swichi ndogo kama punje ya mtama, nyeusi kama laptopu yenyewe. Akaisukuma kwa ukucha. Tik! Kindege kikatoweka, na mtandao wa dukani ukaingia.

Rachael alishusha pumzi ndefu, akakalia kiti cha fundi tayari kuhojiwa. Lornah na Wasike wakasimama mlangoni, wakiwaashiria wateja wasubiri kimya.

Nusu saa baadaye Rachael alitoka akicheka. "Wameniomba niwapelekee vyeti Jumanne!" Akamkumbatia Lornah, kisha akamfinya sikio. "Na wewe, mwezi mzima hutaigusa."

"Hata nikinawa mikono?"

"Hata ukioga ziwani!"

Wasike alicheka, akarudisha bisibisi kwenye droo. "Lornah," alisema kwa upole, "swichi ile ilifungwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna amri ambayo ningeandika ikaifungua. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Aliyelifanya ndiye anayejua lilipo. Siku nyingine usingoje mpaka fundi ashike bisibisi. Sema mapema."

"Nitasema, Fundi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Lornah aliimba, mpaka Rachael akamwomba apunguze sauti.